Mwigizaji Aliyekufa Mara Kumi na Moja

Haya alinisimulia Mama Yun-seul, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwaka jana mwezi wa kumi na moja, siku tatu kabla ya kutia kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, ya majira ya baridi. Tulikuwa tumekaa sakafuni kwake, karai la vitunguu saumu katikati, tunamenya. Kila mara alifuta macho kwa mgongo wa mkono akasingizia vitunguu, na vitunguu saumu havilizi mtu. Yale ambayo hakuyaona mwenyewe aliambiwa na mumewe, na mumewe si mtu wa kuongeza chumvi. Ni mtu wa kupunguza.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa kung'oa vitunguu, wakati ambao hapa kwetu Uiseong hata mbwa anapewa kazi. Ndipo walipokuja watu wa sinema wakakodi ghala la zamani la ushirika. Sinema yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Wapelelezi watatu wanajifanya wanunuzi wa vitunguu saumu ili wawanase matapeli wanaotia vitunguu vya nje ndani ya magunia ya Uiseong. Kijiji kizima kilicheka kabla hawajapiga hata picha moja, maana matapeli wa namna hiyo tunawajua kwa majina na kwa namba za gari.

Nafasi ya mmoja wa wapelelezi hao watatu alipewa kijana anayeitwa Tak Do-gyeom, wa miaka thelathini na mbili. Mama yake ni mtu wa Gunwi, hapa jirani. Baba yake ni Mghana, anafanya kazi kiwanda cha meza na makabati kule Pocheon. Rangi na nywele Do-gyeom alichukua kwa baba. Mdomo aliuchukua Gunwi, akifungua kinywa ni kama mzee wa sokoni anayebishana bei.

Mwongozaji wa sinema, mama mmoja aitwaye Seon, ndiye aliyemchagua. Lakini wenye pesa zao hawakutaka. Wakasema, "Watu watacheka mahali pasipotakiwa. Nani amewahi kuona mpelelezi wa sura ile?" Wakavutana wiki mbili. Mwisho wakakubaliana jambo la ajabu kidogo, kwamba aulizwe mpelelezi wa kweli. Na mpelelezi wa kweli kijijini ni mmoja tu, mume wa Mama Yun-seul, Afande Pyo Gwang-sik, aliyetumikia Daegu miaka thelathini na moja kabla ya kurudi kulima. Tayari walikuwa wamemwomba awafundishe waigizaji namna ya kufunga pingu. Sasa wakamwomba akae na Do-gyeom asubuhi moja, na kabla ya saa sita mchana atoe neno kwa simu. Anafaa, au hafai.

Akisema hafai, Do-gyeom angehamishiwa upande wa matapeli. Huko kulikuwa na nafasi ya mtu asiye na jina, anayeanguka ndani ya bwawa na kuongea kama mtoto anayejifunza kuongea.

Yun-seul, binti pekee wa Afande, ndiye mwandika kumbukumbu wa sinema hiyo. Kazi yake ni kuandika kila kitu kinachoonekana kwenye kila picha, kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo gani kilikuwa wazi, ili kesho mambo yasibadilike. Hakuna kinachompita. Na asubuhi hiyo ya kupimwa, wote watatu wakiwa mezani na supu bado inafuka, akasema:

"Baba, huyo utakayempima leo ndiye nitakayeolewa naye."

Afande Pyo aliweka kijiko chini taratibu.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Mama yako anajua?"

Mama Yun-seul akaitazama supu yake kama imeandikwa kitu. "Anajua tangu juzi," akajibu Yun-seul. "Na wewe nakwambia leo kabla hujamwona, ili usije ukasema nilikuficha."

"Ana jina la ukoo la nani?"

"La mama yake. Ukoo wa Tak wa Gwangsan. Wana kitabu cha nasaba kama sisi."

"Wenye kitabu wamemwandika ndani?"

Yun-seul akasogeza kijiko chake. 

"Hawajamwandika," akasema.

"Siku ya tambiko la mababu ndugu zangu kumi na wanne wanasimama mstari mmoja. Nimsimamishe wapi?"

"Pale anaposimama mume wa binti."

"Usinifundishe, Yun-seul."

"Sikufundishi, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha. Tangu nikiwa mdogo unaniambia hujawahi kuandika ripoti ya uongo, hata ile waliyokutaka uandike kwa ajili ya mkwe wa mkubwa wako. Leo nakuomba hilo tu. Habari ya harusi tutagombana baadaye."

Afande akasimama. Bakuli lake la wali lilikuwa nusu. Akatoka kwenda kuvaa buti za mpira.

Saa moja kamili Do-gyeom alikuwa langoni, shati limepigwa pasi, jasho tayari limeshamtoka. Yun-seul akatoka akijifanya anakwenda kukagua vitunguu bandani, na yeye akamfuata akijifanya anamsaidia. Wakasimama chini ya mashada yaliyoning'inia, harufu kali imewazunguka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amekula nusu bakuli."

"Nusu ni nzuri au mbaya?"

"Baba hajabakiza wali tangu alipostaafu."

Do-gyeom akacheka. Yun-seul akamtazama. Uso ule alikuwa ameuandika miaka mitatu. Mara ya kwanza, kwenye sinema nyingine, aliandika hivi: Mgeni wa Pili, kiatu cha kushoto kina tope hadi kifundoni, damu upande wa kulia wa shati. Kesho yake yule Mgeni wa Pili akamjia, akamwinamia kwa adabu, akauliza, "Dada, samahani, jana nilikufa nikitazama upande gani?" Yun-seul akamjibu, "Kulia." Kisha akamuuliza jina lake, ili aliandike mahali pa yale maneno Mgeni wa Pili. Do-gyeom akasimama kama aliyeulizwa hesabu ngumu. Katika sinema zote hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuna mahali walimletea hata mkalimani, kijana wa watu akakaa siku nzima akinywa kahawa, hana cha kukalimani.

"Nimeandika kifo chako mara kumi na moja," akamwambia sasa. "Umepigwa risasi, umeanguka ghorofani, umegongwa na lori la kabichi. Sitaki kuandika cha kumi na mbili."

"Na nikishindwa leo?"

"Nitaolewa na tapeli asiye na jina."

"Baba yako atakufa."

"Hafi. Atakula nusu bakuli."

Akamwekea sawa kola, vidole vikakaa shingoni muda mrefu kuliko kola inavyohitaji. Alitamani amkumbatie pale pale, vitunguu vishuhudie, lakini mama yake alikuwa barazani akipepeta ufuta usiokuwamo kwenye ungo.

"Nenda," akasema. "Ongea kama unavyoongea. Usijipunguze."

Afande Pyo alimngoja uani, mikono nyuma. Do-gyeom akainama mpaka mgongo ukawa meza.

"Wewe ndiye Tak."

"Ndimi, Afande."

"Jeshi ulitumikia wapi?"

"Cheorwon, Afande. Mpakani."

Barazani Mama Yun-seul alishusha pumzi, maana mumewe naye alitumikia Cheorwon, na wanaume wawili wa Cheorwon wakikutana hata kwenye msiba hawaachani. Afande akamtazama kijana juu mpaka chini.

"Kuna baridi," akasema. Basi.

Kisha akauliza tena. "Sinema yenu ni ya kitunguu cha nje kilichotiwa gunia la hapa. Wewe unaonaje, kikishatiwa gunia kinakuwa cha hapa?"

Ungo ukasimama. Mama Yun-seul anasema alitamani angekuwa kiziwi. Lakini Do-gyeom hakupepesa jicho.

"Hapana, Afande. Gunia halina kazi. Bibi yangu alilima Gunwi na mimi nilikaa kwake mpaka nikafika miaka kumi. Akiulizwa kitunguu ni cha wapi alitaja shamba kilipoota. Sikumsikia akiuliza mbegu ilisafiri na nani."

Afande akageuka akaanza kutembea. "Nifuate," akasema. "Upelelezi si bunduki wala kukimbia juu ya mapaa. Ni kumfanya bibi kizee aseme. Kuna shauri hapa kijijini. Mama wa Uljin amepoteza mashada thelathini ya vitunguu ghalani mwake Jumanne. Askari watatu wa mjini wamekwenda, wote wamefukuzwa kwa ufagio. Kamsikilize. Ukitoka bila kujua kitu, hufai."

Mama Yun-seul hapo akauelewa mpango wa mumewe, na roho ikamuuma. Mama wa Uljin, tunamwita hivyo kwa mahali alikotoka kuolewa, ana miaka themanini na minne na hapendi mtu. Afande alimpeleka kijana wa watu kwenye ufagio. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulitaja. Mashada yalipopotea, mkuu wa kijiji alimwendea Afande kumwomba ushauri, na Afande akamjibu neno moja, "Anzeni na wageni." Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinawatazama vijana watano wa Kambodia waliokuja kwa mavuno, wanaolala kwenye kontena karibu na mabanda ya nailoni. Mwajiri wao alishasema Jumamosi atawarudisha.

Mama Yun-seul akachukua bakuli la matango ya kimchi, akafuata. Yun-seul alikatazwa kuja. Akabaki akitembea kati ya lango na banda, banda na lango.

Afande aligeuza ndoo nyuma ya ukuta wa udongo wa Mama wa Uljin, akakaa asikie bila kuonekana. Mkewe akachuchumaa kando na bakuli lake. Do-gyeom akaingia peke yake.

Bibi alikuwa kivulini, vitunguu vimemzunguka kama vifaranga, anafunga mashada ya mia mia. Hakuinua kichwa.

"Umechelewa," akasema. "Heo, yule wakala wa vibarua, alisema ataniletea mfanyakazi saa moja. Sasa saa mbili."

"Samahani, bibi."

"Samahani haifungi vitunguu. Kaa."

Nyuma ya ukuta Afande akamtazama mkewe. Mtu mwingine angesema pale pale, mimi si mfanyakazi, mimi ni fulani. Do-gyeom alivua saa, akakunja mikono ya shati, akakaa chini akachukua kamba. Ukasikika mlio wa majani makavu tu. Muda ukapita.

"Wewe," bibi akasema, "nani kakufundisha kufunga shada hivi?"

"Bibi yangu."

"Huko kwenu mnalima vitunguu saumu?"

"Gunwi? Tunalima, bibi, lakini havifikii vya hapa."

Majani yakanyamaza. "Gunwi ya wapi?"

"Uiheung, nyuma ya shule."

"Nyuma ya shule ya Uiheung palikuwa na mama mmoja muuza tofu, wa akina Tak."

"Huyo ndiye bibi yangu."

Kwa mara ya kwanza Mama wa Uljin akainua kichwa. Akamtazama mpaka akatosheka.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule mtoto," akasema. "Alikuwa anakuja na wewe sokoni mgongoni. Wanawake walikuwa wanafunua shuka wakuone. Mimi mwenyewe nilifunua."

"Na yeye alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anasema, mtazameni vizuri, mkishatosheka mnunue tofu."

Do-gyeom akacheka, na bibi akacheka na meno yake manne, na Afande juu ya ndoo akasogea kidogo karibu na ukuta.

Wakaendelea kufunga. Shada la kwanza likaisha, la pili likaanza.

"Bibi, kufuli la ghala lako ni zima," Do-gyeom akasema, kwa sauti ile ile ya kuongea habari za tofu.

"Ni zima."

"Na ufunguo naona uko kiunoni mwako."

"Uko."

"Wa pili uko kwa nani?"

Bibi akakaza kamba. Hapa ndipo askari watatu walipokutana na ufagio, kila mmoja aliuliza mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Do-gyeom hakuuliza tena. Akahesabu vitunguu kimyakimya mpaka sitini. Kisha akasema, kama anajisemea:

"Nikiwa darasa la nne, shule hiyo hiyo ya Uiheung, saa ya mwalimu ilipotea. Begi langu ndilo lilifunguliwa la kwanza. Hawakuuliza, waliniangalia tu wakajua. Wakamwaga vitu vyangu vyote mezani. Saa ilikuwa imeanguka nyuma ya kinanda. Ilipopatikana kila mtu akafurahi, wakarudi kusoma. Vitu vyangu vikabaki mezani, nikavirudisha mwenyewe kimoja kimoja."

"Hawakukuomba radhi?"

"Bibi yangu alikwenda kuidai. Alikwenda na ndoo yake ya tofu, akakaa mlangoni mwa darasa mpaka wakatoka."

Mama wa Uljin aliweka shada chini. Mama Yun-seul alimwona kupitia ufa wa ukuta.

"Ni Sang-cheol wangu," akasema.

Do-gyeom akaendelea kufunga. Akangoja.

"Duka lake Daegu limefungwa. Alikuja alfajiri na gari. Nilisikia. Mama haujui mlio wa gari la mwanawe? Nikasikia anafungua kufuli, anapakia, anajikwaa kwenye ngazi. Nikajivuta shuka mpaka hapa." Akagusa nyusi. "Asubuhi mkuu wa kijiji akauliza mashada yako wapi, nikasema sijui, yamechukuliwa. Sikumtaja mtu. Wao ndio waliotaja wale watoto wa kwenye kontena. Mimi nilinyamaza tu. Ningesema nini? Niseme nimezaa mwizi?"

"Sema ulimpa."

"Sikumpa."

"Mpe sasa, bibi. Mama akimpa mwanawe si wizi, na leo hujachelewa. Hilo ni lako na yeye. Lakini wale watano wanatakiwa kusafishwa majina kabla ya Jumamosi, na hilo siwezi kukusaidia kwa kufunga vitunguu."

Bibi akajifuta vidole. Kisha akanyoosha mkono. "Ninyanyue," akasema. "Twende kwa mkuu wa kijiji. Polepole, goti hili ni la zamani kuliko wewe."

Wakatoka langoni, bibi kauegemea mkono wa Do-gyeom kama bibi arusi, na wakamkuta Afande Pyo juu ya ndoo na mkewe na bakuli la matango. Hapakuwa na pa kujificha. Mama wa Uljin akasimama.

"Pyo," akasema. "Wewe ulisema waanze na wageni."

"Nilisema."

"Ungesema waanze na mimi."

 Afande akasimama, akainamisha kichwa, si sana, lakini mkewe anasema katika miaka thelathini na minne ya ndoa hajawahi kukiona kichwa kile kikishuka mbele ya mtu anayemtuhumu. Mama wa Uljin akalinyakua bakuli la matango mkononi mwa Mama Yun-seul. "Haya naenda nayo kwenye kontena," akasema, na akaenda zake na Do-gyeom wake.

 Njiani kurudi Afande alisimama mara mbili bila sababu. Mkewe alimjua. Neno la pili, hafai, lilikuwa mdomoni mwake tangu asubuhi, lilikuwa jepesi, na lingemaliza mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Kijana angerudi kwenye bwawa lake, wenye pesa wangefurahi, na binti pengine angechoka. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Isipokuwa mke aliyekuwa amechuchumaa kando ya ndoo, na yeye mwenyewe.

Saa sita kasoro dakika ishirini alikaa barazani akapiga simu. Anashika simu mbali na sikio kama wazee wote, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia. Yun-seul alisimama kwenye mlango wa jikoni. Do-gyeom alikuwa amesharudi kutoka kwa mkuu wa kijiji, yuko langoni, hajui aingie au atoke. Macho yao yakakutana juu ya kichwa cha Afande, yakakataa kuachana.

"Afande, nakusikiliza," ilikuwa sauti ya mwongozaji Seon. "Na bwana wa upande wa pesa yuko hapa kando yangu."

"Andika," Afande akasema. "Mimi, Pyo Gwang-sik, nimemwona Tak Do-gyeom akifanya kazi leo kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu. Amemsikiliza shahidi ambaye askari watatu walishindwa kumsikiliza. Hakumtisha, hakumdanganya, hakumvunjia heshima. Shauri ambalo mimi nilikosea, yeye amelimaliza. Andika hivyo hivyo, kwamba mimi nilikosea. Anafaa."

Sauti ya mwanamume ikaingia. "Lakini Afande, tunashukuru, ila kwa sura ile, unadhani watu wataamini ni mpelelezi wetu?"

"Mama wa Uljin ameamini. Watu wako wana ugumu gani kumzidi yeye?"

"Hapana, nauliza tu."

"Na mimi najibu tu. Halafu mwishoni, pale majina yanapopita, mnampa jina lote. Nitakwenda kuangalia. Nitalipa tiketi nikae mpaka taa ziwashwe."

Akakata simu. Langoni Do-gyeom alikuwa ameinama, na hakuinuka kwa muda, maana alikuwa hataki waone uso. Yun-seul hakulia. Alisimama wima pale mlangoni kama mtu anayepigwa picha, kidevu juu, na mama yake akaona mtoto huyu amefanana na baba yake kuliko siku zote. Fahari ilimjaa binti yule mpaka ikamkosesha pa kuweka mikono. Alikuwa anawatazama wanaume wawili, na hakuweza kusema anajivunia yupi zaidi.

"Hilo lilikuwa la sinema," Afande akasema bila kumtazama.

"Najua, baba."

"La harusi ni lingine."

"Najua."

"Nikisema hapana?"

"Nitakuja kesho kukuuliza tena. Na keshokutwa. Mimi ni mtoto wako, siwezi kuchoka haraka."

Mama Yun-seul akaona hapa maneno hayana kazi, akaleta chakula. Tambi za baridi ndani ya maziwa ya soya, na kimchi mpya ya majani. Mabakuli manne. Aliweka la nne pembeni kidogo, upande wa baraza ambao si wa mtu, akangoja mumewe aliondoe au aliache. Afande alilitazama bakuli. Kisha akalisukuma kwa kidole mpaka likakaa mbele yake, likatazamana na lake.

"Tak. Njoo ule, barafu inayeyuka."

Wakala. 

"Baba yako," Afande akasema, "anaishi Pocheon miaka mingapi?"

"Thelathini na minne, Afande."

"Kazi hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Sasa ni msimamizi. Wanaoanza kazi wote anawafundisha yeye."

"Anapenda nini?"

Do-gyeom akafikiri. "Anapenda kuulizwa. Watu humweleza mambo, hawamuulizi."

Afande akanyanyua bakuli akanywa maziwa yote mpaka chini, akalipindua kidogo kuonyesha limeisha.

"Vitunguu vitaisha tarehe ishirini na nane," akasema. "Jumapili inayofuata mimi na mama yake Yun-seul tutakwenda Pocheon. Mwambie baba yako nina maswali mengi. Mwambie na mama yako asihangaike kupika, nitabeba shada la vitunguu. Ndugu zangu kumi na wanne watasema. Watasema sana. Habari ya kitabu cha nasaba sijui nitaifanyaje, usiniulize leo. Lakini wazazi wa pande mbili hawawezi kukaa mbali wakati watoto wamekaa karibu miaka miwili."

Yun-seul alishika ukingo wa baraza. Huku kwetu wazazi wakishakwenda kuonana na wazazi, kinachobaki ni kuchagua siku. Do-gyeom alikuwa ametafuna tambi hizo hizo tangu neno Pocheon, hazimezeki.

"Meza," Yun-seul akamnong'oneza.

"Nashindwa."

"Meza, mpelelezi."

Akameza. Na Mama Yun-seul akageuka kuangalia shamba, ili wapate kuangaliana wanavyotaka.

Jua lilikuwa utosini. Saa hiyo hapa Uiseong hakuna anayeshika jembe, hata vitunguu vinalala. Afande Pyo alijinyoosha kwenye mbao za baraza, kichwa kwenye mto wa mti. "Lala na wewe," akamwambia Do-gyeom. "Kufundishwa pingu ni saa tisa." Hakuchukua dakika mbili akaanza kukoroma. Do-gyeom alilala kando yake kama askari kwenye gwaride, mikono ubavuni, visigino pamoja, anaogopa hata kujikuna. Kisha mwili ukamsaliti, mdomo ukafunguka, mkono mmoja ukaanguka katikati ya yeye na mkwewe.

Yun-seul alikaa kwenye kizingiti cha mlango akimtazama anavyopumua. Mama yake akamwambia, "Lala, mwanangu, hatatoroka." Akajilaza pale pale kizingitini, mashavu juu ya mikono, macho kwake mpaka yalipofumba.

Akabaki Mama Yun-seul na upepeo wake, akiwafukuzia nzi. Mumewe, binti yake, mtoto wa watu wa Pocheon. Aliwapepea mmoja mmoja kwa zamu, asimpunje mtu, akijiambia kwamba ukimlaza mgeni barazani kwako saa ya adhuhuri hawi mgeni tena, na kwamba haya ataniambia mimi, jirani yake, siku moja. Mkono ukawa mzito. Akapepea mara moja tena, upande wa yule kijana, kisha upepeo ukamlalia kifuani, na yeye akalala.